Miungu ya Warumi: si kitu, au ni mashetani?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nasoma diploma ya theolojia. Katika historia ya Kanisa tumefundishwa kwamba mababa wa Kanisa waliwacheka Warumi kwa kuabudu mti na jiwe visivyo na uhai. Halafu nasoma kwa mwandishi yuleyule kwamba nyuma ya sanamu kuna mashetani wanaokula moshi wa sadaka. Je, wanajipinga? Na je, naweza kuyatumia maandishi yao kueleza jinsi wapagani wa wakati ule walivyoabudu?

Jibu: Marahaba, ndugu. Kwa swali la kwanza, hapana, hawajipingi, ukishajua kila kauli inajibu nini. Kwa la pili, ndiyo, lakini kwa masharti, na masharti hayo ndiyo yatakayochukua nafasi kubwa hapa.

Tuanze na Biblia, maana na wao walianzia hapo. Katika 1 Wakorintho 8:4 Paulo anasema sanamu si kitu. Sura mbili mbele, 10:20, anasema wanachokitoa Mataifa wanawatolea mashetani. Barua ni moja, wasomaji ni walewale, na suala ni lilelile la nyama ya sadaka. Ukienda Zaburi 96:5 unakuta kauli hizo mbili zimeachana katika tafsiri. Kiebrania kina neno elilim, vitu visivyofaa kitu, na ndiyo maana Biblia yetu ya Kiswahili inasema miungu yote ya watu si kitu. Wayahudi waliotafsiri Zaburi kwa Kigiriki, muda mrefu kabla ya Paulo, waliandika daimonia. Tafsiri za Kilatini zikafuata Kigiriki. Kwa hiyo mababa walioandika Kigiriki na Kilatini walikuwa na mstari unaosema waziwazi kwamba miungu ya mataifa ni daimonia, na mstari huo utakutana nao mara nyingi sana katika vitabu vyao. (Ukiutafuta katika hesabu ya Kigiriki, ni Zaburi 95.)

Neno lenyewe linahitaji uangalifu. Ukitafsiri daimon kwa "shetani" kila unapolikuta, utapotea mapema. Kwa Mgiriki asiye Mkristo, daimon alikuwa kiumbe wa katikati, chini ya miungu na juu ya watu, mwenye mwili wa hewa. Angeweza kuwa mwema, mbaya, au kigeugeu. Kwa msomaji wa pwani yetu, neno "jini" liko karibu zaidi na maana hiyo kuliko "shetani", kwa sababu watu husema kuna jini mwema na jini mbaya. Apuleius wa Madauros, mwandishi wa Afrika Kaskazini wa karne ya 2, aliandika kitabu kizima juu ya viumbe hawa, akiwaeleza kama wajumbe wanaopeleka maombi juu na kuleta majibu chini. Walichofanya Wakristo ni kuchukua jamii hiyo nzima ya viumbe na kusema wote ni wabaya. Hawakubuni viumbe wapya. Augustino anatumia vitabu viwili vya Mji wa Mungu, cha 8 na cha 9, kubishana na Apuleius juu ya jambo hilohilo: kama hawa wana hasira, husuda na tamaa, kama Apuleius mwenyewe anavyokiri, kwa nini mtu mwema apitishie maombi yake kwao?

Sasa tuje kwenye mkanganyiko wako. Mtetezi wa imani wa karne ya 2 au ya 3 alikuwa na maswali matatu tofauti mezani, na kila moja lilikuwa na jibu lake. Jina hili, Jupita au Saturnus, ni la nani? Ni la binadamu aliyekufa zamani. Sanamu hii ni nini? Ni mti, shaba au jiwe. Basi nguvu inayotabiri na kuponya hekaluni inatoka wapi? Inatoka kwa pepo mchafu aliyejificha nyuma ya jina na sanamu. Maiti, mti, pepo. Ukisoma sura moja tu unaona jibu moja tu na kudhani ndiyo nadharia yote. Minucius Felix, mmoja wa watetezi hao, katika mazungumzo yanayoitwa Octavius, anayatumia yote matatu ndani ya sura chache: wafalme waliokufa, kisha sanamu zisizo na hisia, kisha katika sura ya 27 pepo wanaojibanza chini ya sanamu zilizowekwa wakfu.

Jibu la maiti halikuwa la Wakristo. Lilitoka kwa Euhemerus, Mgiriki aliyeandika karibu mwaka 300 KK kwamba Zeus (ndiye Jupita wa Warumi) na wenzake walikuwa wafalme waliotukuka, wakafa, wakaabudiwa. Mshairi wa Kirumi Ennius alikitafsiri kitabu hicho kwa Kilatini, na sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu tafsiri hiyo tunakipata kwa Lactantius, Mkristo. Krete walikuwa wakionyesha kaburi la Zeus, na watetezi wa imani hawachoki kulitaja. Udhaifu wa hoja hii ni rahisi kuuona. Kama Jupita ni maiti wa Krete, nani anajibu watu kwenye mahekalu ya uaguzi? Hapo ndipo pepo anapohitajika. Kwa hiyo jibu la tatu linaziba tundu lililoachwa na la kwanza.

Hoja ya mti ndiyo inayopendwa zaidi, labda kwa kuwa inachekesha. Octavius inaanzia Ostia, bandari ya Roma. Marafiki watatu wanatembea pwani, Caecilius, mpagani kati yao, anaona sanamu ya Serapis, mungu wa Misri, anapeleka mkono mdomoni na kuubusu, kama ilivyokuwa desturi. Baadaye anajibiwa: panya, mbayuwayu na mwewe wanawajua miungu wenu kuliko ninyi. Wanawatafuna, wanawakanyaga, wanawakalia, na msipowafukuza watajenga viota vinywani mwao. Buibui wanatanda utando usoni. Ninyi mnafuta, mnakwangua, na mnawalinda hao hao mnaowaogopa. Tertullianus wa Karthago, katika Apologeticum ya mwaka 197, sura ya 13, anaingia mpaka nyumbani. Anasema mungu wa nyumba akichakaa huwekwa rehani, huuzwa, au huyeyushwa: Saturnus anakuwa sufuria, Minerva anakuwa upawa. Hapo anazungumza na watu wanaojua bei ya shaba.

Lakini usiiache hoja hiyo bila kusikiliza upande wa pili. Mpagani msomi hakuamini kwamba shaba ni mungu. Mfalme Yuliani, aliyetawala 361 hadi 363, anaeleza vizuri katika barua kwa kuhani mmoja: anayempenda mfalme hufurahi kuiona picha ya mfalme, bila kudhani picha ndiyo mfalme. Arnobius wa Sicca, mji ambao leo ni El Kef nchini Tunisia, alilijua jibu la namna hiyo zaidi ya miaka 50 kabla ya Yuliani. Katika kitabu cha 6 cha Adversus nationes analiweka wazi, yaani, hatuabudu shaba bali miungu waliokaribishwa ndani kwa kuwekwa wakfu, kisha anauliza maswali ya kifundi. Wanaingia kwa hiari au kwa kulazimishwa? Wakikaa ndani, wanaweza kutoka? Mungu mmoja mwenye sanamu 10,000 anagawanyika vipi? Anayetaja panya na buibui peke yake anapiga pale ambapo adui hayupo. Arnobius anapiga pale alipo.

Hoja ya pepo ndiyo yenye utaalamu mkubwa, na ndiyo wanafunzi wengi hupita juujuu. Tertullianus, sura ya 22, anaeleza uaguzi unavyofanya kazi. Kila roho ina mabawa, kwa hiyo iko kila mahali kwa muda mfupi. Inajua kilichotokea mbali kabla ya mjumbe wa miguu kufika, na watu wanadhani imetabiri. Uponyaji nao una hila yake. Kwanza pepo anamdhuru mtu, kisha anaagiza dawa, mara nyingi ya ajabu au inayopingana na ugonjwa, kisha anaacha kudhuru. Anaaminiwa kwamba ameponya, kumbe ameacha tu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapo. Maelezo ya namna hiyo juu ya waganga na majini hakuanza kuyasikia leo. Augustino, katika kitabu kifupi juu ya uaguzi wa pepo, anaendeleza yaleyale: mwili wa hewa, kasi, na uzoefu wa miaka mingi. Pepo anabashiri kama tabibu anayemwona mgonjwa, hajui ya kesho kama Mungu anavyoyajua.

Na chakula chao? Moshi na damu ya sadaka. Ungedhani huo ni uzushi wa Wakristo wenye chuki. Sivyo. Porphyrius wa Tiro, mwanafalsafa mpagani aliyefariki karibu mwaka 305 na mmoja wa wapinzani wakali wa Ukristo, aliandika kitabu cha kuwashawishi wanafalsafa waache nyama. Humo, katika kitabu cha 2, anasema daimon wabaya hufurahia mvuke wa damu na nyama, na miili yao hunenepa kwa moshi huo. Mwenye hekima hutoa sadaka isiyo na damu. Eusebius wa Kaisaria alikinakili kwa furaha katika kitabu cha 4 cha Praeparatio evangelica. Mkakati wa kitabu kile chenye juzuu 15 ndio huo: nyamaza, mwache mpagani azungumze, kurasa kwa kurasa, kisha sema, "Mmesikia wenyewe." Ukiandika kwamba Wakristo waliwazushia wapagani mapepo ya moshi, mwalimu wako atakurudishia karatasi.

Kuhusu asili ya hawa pepo, wa mwanzo walifuata simulizi la malaika walioshuka kwa binti za wanadamu, Mwanzo 6, kama lilivyopanuliwa katika Kitabu cha Henoko. Yustino Mfiadini ana habari hiyo, na Lactantius pia. (Henoko kamili tunacho leo kwa lugha ya Gi'izi tu, kwa sababu Kanisa la Ethiopia lilikitunza.) Augustino aliikataa tafsiri hiyo ya Mwanzo 6 katika kitabu cha 15 cha Mji wa Mungu, na bado akabaki na pepo. Kwa hiyo unapoandika "mababa walisema", sema baba yupi, maana katika hili hawakuwa na kauli moja.

Kuna hoja nyingine ndogo ninayoipenda, na wengi hawaitaji. Katika kitabu cha 7 Arnobius anamfanya ng'ombe wa sadaka aseme mbele ya Jupita: ni haki gani hii, mwingine akose, nichinjwe mimi? Mimi sijawahi kuapa uongo, sijaiba. Hoja hiyo haigusi kabisa kama Jupita yupo au hayupo. Inauliza kama sadaka yenyewe ni haki, na wanafalsafa wasiokula nyama wangemuunga mkono ng'ombe yule.

Tuje kwenye swali la pili. Ukisoma kifungu chochote cha watetezi hawa kama ushahidi wa ibada, tenga vitu vitatu: alichokiona mwandishi kwa macho, alichokitoa maktabani, na kile ambacho hoja yake inamlazimu akiseme. Makosa mengi hutokana na kuvichanganya.

Mfano mzuri uko ndani ya kitabu kimoja. Katika Mji wa Mungu 4.8, Augustino anacheka kwamba mtu mmoja huweka bawabu mmoja mlangoni, na kwa kuwa ni binadamu anatosha, lakini Warumi waliweka miungu watatu kwa mlango mmoja: Forculus wa mbao za mlango, Cardea wa bawaba, Limentinus wa kizingiti. Kisha anaorodhesha miungu wa nafaka hatua kwa hatua, Seia wa mbegu iliyo ardhini, Segetia wa mmea uliochomoza, Tutilina wa nafaka iliyohifadhiwa, na wengine kadhaa. Mwanafunzi anasoma na kuandika: "Wakulima wa Afrika Kaskazini katika karne ya 5 waliabudu miungu hii." Kosa. Orodha kama hiyo Augustino aliipata kwa Varro, msomi wa Kirumi aliyefariki mwaka 27 KK. Antiquitates zake, yaani habari za mambo ya kale, zilikuwa vitabu 41, 25 vya mambo ya binadamu na 16 vya mambo ya miungu. Augustino alianza kuandika mwaka 413, zaidi ya miaka 400 baadaye. Tena Varro mwenyewe, kwa ushuhuda wa Augustino katika kitabu cha 6, alisema anaandika kwa kuhofia miungu wapotee kwa uzembe wa wananchi. Yaani baadhi ya vitu hivyo vilikuwa vya makumbusho hata siku alipovikusanya.

Sasa fungua 7.26 ya kitabu hichohicho. Anawataja matowashi wa Mama Mkuu wa miungu: nywele zinang'aa mafuta, nyuso zimepakwa weupe, viungo vimelegea, mwendo wa kike, wanapita katika mitaa na vichochoro vya Karthago wakidai watu kitu cha kuwafanya waishi. Na anaongeza, "mpaka jana." Hapo yuko barabarani. Augustino aliishi Karthago akiwa kijana, na katika kitabu cha 2 anasema wazi kwamba alikwenda kutazama maonyesho ya mungu wa kike Caelestis na ya Mama huyo. Dharau imo, na usiinakili kama maelezo ya haki ya watu wale. Lakini mafuta, rangi nyeupe, mitaa na kudai michango ni vitu alivyoviona. Weka 4.8 na 7.26 kando kwa kando na utaelewa kazi yako yote.

Tatizo la pili ni kuhesabu shahidi mmoja mara mbili. Klementi wa Aleksandria, mwishoni mwa karne ya 2, ametuachia katika Protreptikos maneno ambayo anasema yalikuwa kama neno la siri la waliofunuliwa mafumbo ya Eleusis, ibada ya siri ya mungu wa kike Demeter huko Ugiriki: nilifunga, nilikunywa kykeon, nilitwaa kutoka sandukuni, nikafanya kazi yangu, nikaweka kapuni, na kutoka kapuni nikarudisha sandukuni. Miaka 100 hivi baadaye Arnobius ana maneno karibu hayohayo kwa Kilatini. Huyo si shahidi wa pili. Sehemu hiyo ya kitabu chake cha 5 inamfuata Klementi. Ushahidi wa kweli wa pembeni uko kwingine. Kufunga na kunywa kykeon, kinywaji cha shayiri, maji na mnanaa, vimo katika utenzi wa kale wa Kigiriki wa kumsifu Demeter, ulioandikwa karne nyingi kabla ya Klementi. Sanduku takatifu linaonekana limechongwa kichwani mwa sanamu za wanawake zilizobeba lango dogo la Eleusis. Ni "nikafanya kazi yangu" tu ambako tumebaki gizani, na ndiko ambako vitabu vya siku hizi vimejaza mawazo ya kila aina. Jua pia kwamba baadhi ya wataalamu hudhani Klementi alikuwa akifikiria sherehe za kitongoji cha Aleksandria kilichoitwa pia Eleusis.

Linganisha na Firmicus Maternus, Mkristo wa karne ya 4. Huyu anatoa neno la siri la ibada ya Attis, mwenzi wa yule Mama Mkuu wa miungu: nimekula kutoka kwenye ngoma, nimekunywa kutoka kwenye tasa, nimekuwa mfunuliwa wa Attis. Klementi naye ana ngoma na tasa, lakini mwisho wake ni tofauti: nimebeba chungu cha sadaka, nimeingia chumba cha arusi. Mwanzo ni mmoja, miisho ni miwili. Hapo kuna dalili kwamba Firmicus hakunakili tu kwa Klementi, kwa hiyo ngoma na tasa zina nguvu zaidi kama ushahidi. Fundisho analolitoa baadaye, kwamba chakula hicho ni sumu na mkate wa Kristo ndio uzima, ni hoja yake, wala halituambii waumini wa Attis walikielewaje chakula chao.

Tatizo la tatu ni maelezo yanayopendeza kupita kiasi. Vitabu vingi vya kufundishia vinaeleza taurobolium, sadaka ya fahali, hivi: kuhani anaingia shimoni, juu yake mbao zenye matundu, fahali anachinjwa, damu inamwagika na kumlowesha mpaka ulimi. Maelezo hayo yanatoka katika shairi la Prudentius, Mkristo wa Hispania, karibu mwaka 400, na yamewekwa kinywani mwa shahidi Romanus anayewakejeli watesi wake. Shairi halitumii hata neno taurobolium. Maandishi ya kwenye mawe yaliyoachwa na waliofanya sadaka hiyo, pamoja na mfululizo wa Roma wa karne ya 4, hayataji shimo wala mbao. Moja la mwaka 376 linasema mwenyewe "amezaliwa upya milele". Hilo ndilo la kunukuu, pamoja na tarehe yake. Shimo liache kwa Prudentius.

Kile usichokipata kwa watetezi wa imani ni cha kila siku, ubani wa asubuhi na taa ya nyumbani. Hakikuwa na uchafu wa kutosha kuwa silaha. Kwa hicho nenda kwenye sheria. Tangazo la mfalme wa Roma Theodosius la tarehe 8 Novemba 392, lililomo katika Kodeksi ya Theodosius 16.10.12, linakataza mtu kumheshimu Lar, mungu mlinzi wa nyumba, kwa moto, roho ya ulinzi kwa divai na Penates, miungu ya ghala la nyumbani, kwa harufu nzuri, kuwasha taa, kuweka ubani, kutundika mashada, kufunga utepe mtini, au kujenga madhabahu ya udongo na majani. Nyumba au shamba ilikofanyika ibada hiyo hutaifishwa. Anayetoa sadaka hekaluni au kwenye mali ya mtu mwingine bila mwenyewe kujua hulipa ratili 25 za dhahabu, zaidi ya kilo 8. Mtunga sheria hana haja ya kuchekesha. Anataka orodha isiyoacha mwanya, na kwa hiyo anatuachia picha ya nyumba ambayo Tertullianus na sufuria yake hawakutupa.

Tarehe hiyo inaleta jambo la mwisho, nalo ni kujua mwandishi anamwandikia nani na nani ana upanga. Tertullianus, akimwandikia liwali Scapula karibu mwaka 212, anasema si kazi ya dini kulazimisha dini. Lactantius, mwalimu wa ufasaha aliyeitwa na mfalme Diocletianus kufundisha Nikomedia, akaandika kipindi cha mateso yaliyoanza mwaka 303, anasema dini hutetewa kwa kufa, si kwa kuua. Halafu soma Firmicus, aliyeandika kati ya 343 na 350 kwa watawala Constantius wa 2 na Constans. Hoja zake juu ya miungu nyingi ni zilezile za maiti, mti na pepo. Lakini anawaomba watawala wayang'oe mapambo ya mahekalu, miungu iyeyushwe katika moto wa kiwanda cha sarafu, na ananukuu Kumbukumbu la Torati 13, ile sura isiyomwachia hata ndugu. Miaka isiyofika 50 inamtenga na Lactantius. Na huyu Firmicus mwenyewe, kabla ya kuongoka, aliandika kitabu kikubwa cha unajimu. Kitabu chake cha kupinga upagani kimetufikia kwa hati moja tu, iliyoko Vatikani, na kurasa za mwanzo zimepotea.

Mjadala juu ya madhabahu ya Ushindi, mungu wa kike wa Warumi, iliyoondolewa katika ukumbi wa Seneti mwaka 382, utakufaa kama unataka pande zote mbili zikizungumza. Symmachus, seneta mpagani, aliandika mwaka 384 kwamba siri kubwa namna ile haifikiwi kwa njia moja. Ambrosi wa Milano akamjibu, na kati ya majibu yake kuna moja lisilo la kifalsafa hata kidogo: mahekalu yahesabu ni mateka wangapi yaliwakomboa, na maskini gani yaliwalisha. Tunacho kila upande kwa maneno yake mwenyewe, jambo la nadra. Celsus, mpagani aliyeupinga Ukristo, tunamsoma kwa Origenes aliyemjibu karibu mwaka 248, Yuliani dhidi ya Wagalilaya tunamsoma kwa Kirilo wa Aleksandria, na kitabu cha Porphyrius dhidi ya Wakristo kiliamriwa kuchomwa mwaka 448, yamebaki mapande tu.

Kwa karatasi yako, usichukue waandishi kumi. Chukua Tertullianus, Apologeticum 22 na 23, usome sentensi kwa sentensi na kuandika pembeni herufi moja: M kwa alichokiona kwa macho, K kwa cha kitabuni, H kwa cha hoja. Katika sura ya 23 utakwama kwenye changamoto yake, kwamba aletwe mahakamani mtu mwenye pepo, na Mkristo yeyote atamfanya pepo akiri. Amewahi kuona kitu cha namna hiyo, au anaahidi tu mbele ya hakimu ambaye hatakubali? Andika M na H zote mbili, weka alama ya kuuliza, kisha ueleze kwa nini. Na popote Kigiriki kinaposema daimon, andika daimoni. Neno "shetani" liache mpaka mwandishi wako atakapolitolea sababu.